Kwenye Ukungu Hakuna Mwenye Njia

Asubuhi ya tarehe 7 Novemba 2007 meli ya makontena Cosco Busan, yenye urefu wa mita 275, ilifungua kamba gatini Oakland, ng'ambo ya jiji la San Francisco, ikaelekea baharini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ghuba. Mbele ya meli lilikuwepo Daraja la Bay, lile linalounganisha miji hiyo miwili, na kilichotakiwa ni kupita kati ya nguzo mbili zilizoachana kwa zaidi ya mita 600. Kukiwa kweupe, rubani mzoefu wa bandari, yule mwenyeji anayeelekeza meli kuingia na kutoka, anaifanya kazi hiyo huku anakunywa kahawa.

Na rubani wa bandari aliyekuwa chumba cha usukani alikuwa mzoefu kweli, amepitisha meli humo zaidi ya miaka 20. Alitazama ramani ya kielektroniki, akaona alama mbili nyekundu za pembetatu, akamuuliza nahodha zina maana gani. Kwa jibu alilopewa, yeye akaelewa kwamba pale ndipo penye uwazi wa kupita. Kumbe yalikuwa maboya yanayoonyesha ilipo nguzo. Waongoza vyombo wa Walinzi wa Pwani, wanaokaa kisiwa cha Yerba Buena na walioiona meli kwenye skrini zao, walimwita kwa redio wamuulize anakusudia nini, maana kwao ilionekana inakwenda siko. Akawajibu kwamba anageuka. Ilipofika saa mbili na nusu asubuhi ubavu wa kushoto ulijikwaruza kwenye kinga ya nguzo, bati likachanika kwa urefu wa mita 65 hivi, na lita kama 200,000 za mafuta mazito zikamwagika ghubani. Ndege wa baharini walikufa kwa maelfu.

Wachunguzi wa Marekani walisema mengi baadaye: dawa za hospitali alizokuwa akitumia rubani zilimpunguzia wepesi wa kufikiri, yeye na nahodha hawakukaa kuzungumza ipasavyo kabla ya kuondoka, na nahodha hakumsimamia. Rubani alikwenda jela miezi 10. Lakini mimi kinachonirudisha kwenye kisa hiki kila mara ni zile pembetatu. Meli ilikuwa na rada, ilikuwa na ramani, ilikuwa na redio, na nchi kavu kulikuwa na watu wanaoitazama. Hakuna aliyekosa habari. Kila mmoja alikuwa nayo nusu, akaichukua kuwa ni nzima.

Ukungu hasa unadanganya kwa namna hiyo. Mtu asiyeona kitu kabisa husimama. Anayeona kidogo ndiye anayeendelea.

Tuanze na unakotoka. Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa atashangaa kusikia kuna bandari ambako watu wanahesabu ukungu kama sisi tunavyohesabu mvua. Fungua friza ya duka lililojaa soda siku ya joto la Januari utazame pale mlangoni: moshi mweupe unateremka. Si moshi. Ni hewa ya dukani, yenye joto na unyevu, imegusa baridi na ule mvuke uliokuwa hauonekani ukaganda kuwa vitone vidogo mno. Pwani ya California hufanya hivyo kila kiangazi, ila friza ni bahari yenyewe. Upepo wa kaskazini-magharibi unaopita sambamba na pwani husukuma maji ya juu yaende mbali, na ya chini, yenye baridi, hupanda kuziba nafasi. Kwa hiyo katikati ya Julai bahari ya hapo huwa na nyuzijoto kama 12 hivi. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka wingu lililokaa majini. Kisha bonde la ndani ya California, ambalo siku hizo huchomwa na jua hadi kupita nyuzi 38, linaivuta hewa ya baharini kama mtu anavyovuta chai, na mlango mkubwa wa kupitia ni mmoja: Golden Gate, mlangobahari wa ghuba ya San Francisco. Mlango huohuo ndio wa meli.

Wasomaji walioko Oman wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Kusi, ule upepo wetu wa siku zote, ukifika pwani ya Dhofar kati ya Juni na Septemba unafanya kazi ileile ya kuondoa maji ya juu na kupandisha ya baridi, na Salalah inafunikwa na ukungu na manyunyu. Wenyewe wanayaita majira hayo khareef. Upepo ni mmoja. Unguja hauleti ukungu kwa sababu maji ya Unguja ni ya moto, basi.

Kuna na wa pili, wa miezi ya baridi, ambao San Francisco huupata kutoka upande wa pili kabisa. Usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi ya bondeni inapoa, hewa iliyo juu yake inapoa nayo, na ukungu unazaliwa nchi kavu ukatiririka kushuka na mto hadi ghubani. Huo hukaa chini kabisa, mzito, na hauna upepo wa kuuondoa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hata watu wa vyombo hulikosea. Baharini kuna kanuni za kuepuka kugongana zinazotumika dunia nzima, zilizokubaliwa mwaka 1972 na kuanza kazi mwaka 1977. Karibu kila aliyewahi kushika usukani anajua zile za kawaida: mkikutana uso kwa uso kila mmoja aende kulia, mkikatana njia, aliye na mwenzake upande wa kulia ndiye anayepisha, chombo cha injini kinapisha cha tanga. Basi watu hudhani kanuni hizo zinaingia nao kwenye ukungu. Haziingii. Zimeandikwa kwa vyombo vinavyoonana kwa macho. Macho yakishaziba, inashika Kanuni ya 19, na humo hakuna anayepisha wala anayepishwa. Wote wawili wanadaiwa sawasawa kukwepa. Jahazi la tanga halina heshima ya pekee, meli kubwa haina ubabe, na yule aliye kulia hawezi kukaa akisubiri mwenzake ageuke.

Kuna hekima hapo. Haki ya njia ni mapatano, na mapatano yanataka watu wanaoonana. Nikikuona nawe ukiniona, ninaweza kuamini kwamba utanipisha kwa kuwa naona omo yako, yaani mbele ya chombo chako, ikigeuka. Nisipokuona nitaamini nini?

Kanuni hiyo inasema pia ugeuke vipi. Ukimwona mtu kwenye rada tu, yuko mbele yako na huji nyuma yake kumpita, usigeuke kushoto kama unaweza kuepuka. Aliye ubavuni au nyuma ya ubavu, usimgeukie. Inaonekana jambo dogo mpaka ukumbuke usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na kisiwa cha Nantucket, mashariki mwa Marekani. Meli mbili za abiria, Andrea Doria ya Italia na Stockholm ya Sweden, zilionana kwa rada kutoka mbali. Andrea Doria, iliyokuwa ndani ya ukungu, ilipunguza mwendo kidogo tu, kutoka noti 23 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) hadi karibu 22, ikageuka kushoto ili kuongeza nafasi. Stockholm ikageuka kulia kwa nia hiyohiyo. Kila moja ilijitahidi kumkwepa mwenzake, zikakutana. Watu 51 walikufa na Andrea Doria ikazama asubuhi yake. Bila rada huenda zote mbili zingekwenda kwa uoga zaidi.

Mwendo, basi. Kanuni haitaji namba. Inasema mwendo wa salama unaolingana na hali, na injini iwe tayari kugeuzwa papo hapo. Tufanye hesabu wenyewe. Boti za mwendo kasi zinazovusha wafanyakazi kati ya Larkspur na San Francisco, ndugu wa zile zinazokwenda Unguja, hukimbia noti 30 na zaidi, yaani karibu mita 15 kwa sekunde. Ukiwa unaona mita 300, kitu kisichosogea kitajitokeza zikiwa zimebaki sekunde 20. Kama nacho kinakuja, hata hizo huna. Katika sekunde hizo nahodha aone, aelewe alichokiona, aamue, mkono uende, na boti itii. Ndiyo maana asubuhi ya ukungu feri inatambaa, na abiria anayetazama saa yake ana haki ya kukasirika ila hana haki ya kuharakishwa.

Lakini wapo wanaodhani dawa ni kwenda polepole kabisa, na hapo pana mtego. Usukani unafanya kazi kwa maji yanayopita juu yake. Chombo kikikaribia kusimama, usukani unakuwa ubao tu. Na pale Golden Gate maji yakiwa yanapwa huenda kwa kasi ya noti nne na kuzidi siku za bamvua. Feri inayokwenda noti tano ndani ya mkondo wa noti nne unaoipiga ubavuni inasafiri pembenipembeni kama kaa, nahodha akiwa anatazama mahali ambako haendi. Kanuni imelizingatia hilo: ukisikia honi ya chombo kingine mbele yako, punguza hadi ule mwendo mdogo unaotosha kukishika chombo kwenye njia yake, na ikibidi ondoa mwendo wote.

Honi zenyewe ni lugha, na si ngumu. Chombo cha injini kinachotembea hupiga honi moja ndefu, ya sekunde nne hadi sita, isizidi dakika mbili kabla hajarudia. Zikiwa mbili ndefu zinazofuatana, ni chombo cha injini kisichotia nanga ila kimesimama majini. Moja ndefu na mbili fupi ni jamaa wasioweza kukwepa kwa urahisi: wenye tanga, wavuvi walio na nyavu majini, anayevuta tishari, aliyeharibikiwa. Aliyetia nanga anapiga kengele harakaharaka sekunde tano kila dakika, na akiwa na urefu wa mita 100 au zaidi anaongeza gongo, ile sahani ya chuma inayogongwa, huko nyuma. Boti isiyofika mita 12 hailazimishwi haya yote, lakini lazima ipige kelele ya namna fulani isikike, nayo kila baada ya dakika mbili au chini yake. Na sauti nene ni ya meli kubwa: kanuni zenyewe zimepanga kwamba kadiri meli inavyozidi urefu ndivyo honi yake iwe nzito zaidi, kwa hiyo sikio lililozoea linapima ukubwa wa mtu kabla hajatokea.

Daraja la Golden Gate nalo linapiga honi. Zipo katikati ya daraja na kwenye mnara wa kusini, kila mahali na sauti yake, na meli inayoingia inaacha ya mnara mkono wa kulia na ya katikati mkono wa kushoto. Kabla ya umeme ilikuwa kazi ya mikono. Mwaka 1855, kwenye rasi ya Point Bonita nje kidogo ya mlango huo, aliwekwa sajini mstaafu na mzinga mmoja, akaambiwa awe anafyatua kila nusu saa ukungu ukiwepo. Ukungu wa kule unaweza kukaa siku kadhaa mfululizo. Maskini aliandika kulalamika kwamba kwa siku tatu mchana na usiku amelala saa mbili tu na hana hata wa kumshika zamu dakika tano. Mnara wa taa wa palepale nao ulijengwa juu mno, ukawa unamulika ndani ya wingu huku chini kukiwa na nafasi ya kuonekana. Mwaka 1877 wakauhamishia chini.

Tatizo la sikio ni kwamba linajiamini kuliko linavyostahili. Sauti ikipita kwenye matabaka ya hewa baridi na hewa ya joto inapinda. Inaweza kukuruka wewe uliye karibu ikasikika kwa aliye mbali. Mlima au ukuta wa daraja unairudisha, ukaisikia inatokea kushoto na meli iko kulia. Kwa hiyo honi inakuambia kwamba yupo mtu. Yuko wapi hasa, ni swali jingine, na manahodha wenye busara huweka mtu omoni, mbali na mngurumo wa injini, asiye na kazi nyingine yoyote ila kusikiliza na kutazama. Asishike simu, asiongoze abiria.

Rada je? Mawimbi yake hupenya ukungu bila shida, kwani vitone vya ukungu ni vidogo mno kuyazuia. Mvua kubwa ndiyo inayochafua kioo. Ila rada inapenda chuma. Kayaki ya plastiki, mashua ya fiba au ya mbao inarudisha mwangwi hafifu, na katikati ya mawimbi inapotea kabisa. Pili, nukta moja kwenye kioo haisemi lolote. Inabidi uifuatilie: kipimo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kama umbali unapungua na uelekeo wake kwa dira uko palepale, mnakwenda kugongana, hata kama kwa macho ya haraka inaonekana atapita mbele. Kanuni ya 7 inaonya waziwazi mtu asifanye dhana kwa habari haba, na inaitaja rada kwa jina. Ningekuwa na chuo cha mabaharia ningeiandika ukutani.

Tena AIS, kile chombo kinachotangaza jina, mahali na mwendo wa meli kwa redio, kimefanya skrini zipendeze sana. Mashua ndogo nyingi hazina. Skrini yenye majina manne haina maana kwamba mko wanne.

Waongoza vyombo wa Yerba Buena nao walizaliwa na ukungu. Usiku wa tarehe 18 Januari 1971 meli mbili za mafuta za kampuni moja, Arizona Standard na Oregon Standard, ziligongana karibu na Daraja la Golden Gate, zikamwaga galoni kama 800,000. Wakati huo kulikuwa na kituo cha majaribio cha rada, na mtu wa zamu aliziona nukta mbili zikikaribiana. Alimwita mmoja, hakumpata. Hakukuwa na sheria ya kumlazimisha nahodha kuwasha redio asikilize idhaa moja na wenzake. Mwaka huohuo ikatungwa, na mwaka uliofuata kituo kikapewa msimamo wa kudumu. Leo feri na meli za pale husikiliza idhaa ya 14 kwa waongozaji na ya 13 kwa kuongea wao kwa wao, ambako sauti moja yenye maneno machache, "nitapita nyuma yako," inaondoa fumbo ambalo rada ingelichezea dakika tano. Baada ya Cosco Busan waliongeza jambo la kawaida kabisa: kwenye sehemu zenye njia finyu, meli kubwa iliyo gatini isifungue kamba kama haionekani nusu maili. Asubuhi ile ya 2007 wapo waliokuwa wamekwishaamua kusubiri bila kuambiwa na mtu.

Mwenye mashua ndogo afanyeje ukungu ukimkuta njiani? Kwanza avae jaketi la kuokolea, na kila aliyemo avae, kabla ya lolote lingine, kwa sababu baadaye hakutakuwa na muda. Aandike mahali alipo na saa, wakati bado anapajua. Apandishe kiakisi cha rada juu kadiri anavyoweza. Kisha atoke kwenye njia ya meli kubwa aende penye kina kifupi, mahali ambapo meli ya mita 275 haiwezi kumfuata hata ikitaka. Atie bildi, ile timazi ya kupimia kina, kama wazee wa majahazi, au atazame kipima kina, na akifika pazuri atie nanga akae. Kila baada ya muda azime injini na kunyamaza. Dakika moja ya kunyamaza inaleta habari nyingi.

Huku kwetu ukungu wa aina hii ni nadra, lakini kanuni haikuishia kwenye ukungu. Imetaja na theluji, na dhoruba za mchanga ambazo mabaharia wa nchi za Ghuba huko Uarabuni wanazijua, na mvua kubwa. Mvua ya masika ikishuka kati ya Dar es Salaam na Unguja, kisiwa cha Chumbe na mnara wake vikatoweka, boti uliyopanda imeshaingia kwenye Kanuni ya 19 hata kama abiria wote wanatazama filamu. Toka nje kidogo, ushike reli, usikilize honi. Ndefu ya kweli ni sekunde nne hadi sita. Ikinyamaza, anza kuhesabu hadi 120.